Mlango wa Mama na Mji wa Bwana Makaratasi

Ninyi vijana mtakaosoma haya, najua wengi wenu mtasoma mmelala chali, simu juu ya uso. Kaeni vizuri. Habari yenyewe ni ya mlango, na aliyelala hajui mlango ni nini. Anayeujua ni yule anayeamka kuufunga.

Ilikuwa Julai mwaka huu wa 2018, baridi ya Johannesburg ile kavu kama mfupa. Nilikuwa jikoni hapa Jeppestown nachambua sombe, majani ya muhogo, harufu ikaingia kabla ya mwenye harufu. Mafuta mazito ya kitani, masizi, na juu yake tapentaini inayopanda puani kama pilipili. Zaidi ya miaka sitini nilikuwa sijaisikia, na bado mkono wangu ulikwenda wenyewe kujifuta kwenye kitenge, kama mkono wa mtoto aliyeshika kitu cheusi.

Nyuma ya harufu akatokea kijana wa ng'ambo, ndevu nyingi, suruali ina matundu aliyoinunua nayo. Kaletwa na mwanangu Ilunga, fundi cherehani, ambaye mkipita pale penye robot ya kona, zile taa za barabarani, mtamwona ameinamia sare za shule za watu. Siku hiyo Ilunga alikuwa anang'aa. Akaniambia huyu ni msanii, anachapa picha: anachonga ubao, anaupaka wino, analaza karatasi juu yake, anakandamiza. Amekwisha chapa mtaa wa Diepsloot, vibanda na spaza zake, vile viduka vya nyumbani. Sasa amefika kwetu. Na ubao anaoutaka ni mlango wetu wa mbele, kwa kuwa ni mbao nene za zamani ambazo siku hizi hazipatikani.

"Ni wiki moja tu, Mama," Ilunga akasema. "Ataweka mwingine wa muda. Na mimi atanichora na cherehani yangu, mbele kabisa."

Nikacheka. Watu wa nyumba hii wanakijua kicheko changu kile. Mjukuu wangu Naomi, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hunijibu kwa Kizulu, alitoka jikoni taratibu bila kuambiwa. Yule wa ndevu hakujua kitu. Alikuwa ameshaanza kuupapasa mlango, anaugonga kwa kidole, anaunusa. Alipoingia hakubisha hodi. Nililiona hilo, nikaliweka. Nikamwambia jibu atalipata Jumapili ikipita.

Jumapili, tulipotoka kanisani, niliwaketisha wote sebuleni nikawasimulia ninayowasimulia ninyi sasa.

Mimi nimezaliwa Kipandwe, mji wa mpakani upande wa Katanga. Nikisema mji msione maghorofa. Ilikuwa reli, stesheni, mgodi mdogo wa shaba, duka la Mgiriki, nyumba za Wabelgiji zenye maua mbele, halafu sisi. Muda si mrefu kabla ya hapo palikuwa pori, mama yangu alikumbuka akiokota uyoga pale pale waliposimamisha stesheni, na kila treni ilipopiga honi alisema, "Inalilia uyoga wangu."

Bwana Makaratasi alishuka kwenye treni hiyo, kiangazi, nikiwa mtoto wa kubeba ndoo ndogo. Jina lake la kwao sikulijua, na waliolijua walilitamka kila mtu kivyake. Hakuwa Mbelgiji. Alitoka nchi ya theluji ambayo hata Mgiriki aliitaja akijikuna kichwa, akaja kutafuta maisha kama sisi tulivyokuja kutafuta hapa Afrika Kusini, na hilo simlaumu. Mgiriki alimpa baraza ya nyuma ya duka akae. Ilisemekana ni mtu wa kwanza kuchapa picha za miji ile mipya, reli yake, migodi na milima yake, ili Ulaya waione. Wa kwanza! Sisi tulikuwa tunaiona kila asubuhi tukienda chooni, hakuna aliyetupa sifa.

Alikuja na mbao za kwao, laini, zimeviringishwa flaneli kama watoto wachanga. Kiangazi chetu hakikuziuliza zimetoka wapi. Zilipinda, zikapasuka, na zile zilizobaki nzima mchwa walizikaribisha. Mwenye akili angejifunza hapo kwamba amefika mahali pa watu wengine. Yeye alianza kutazama mbao za wenzake.

Kuchora kwake kulikuwa hivi. Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na kichuguu kikubwa chenye mti juu yake, na mti una kivuli. Kila asubuhi alipanda huko na kiti cha kukunja na mwavuli, akachora mji kwa penseli. Angekaa upande wa mbele, jua lingempiga usoni, kwa hiyo alikaa nyuma. Basi mji mzima aliujua kwa kisogo. Wanawake wakipita kwenda mtoni, aliinua penseli akangoja wapite. Sisi watoto tulipojipanga chini ya kichuguu, tumenyoosha shingo, tumeng'arisha meno tupate kuchorwa, alitupungia mkono kama tunavyofukuza inzi: "Toka picha! Toka picha!" Tulitoka. Kuku wetu peke yao ndio waliokataa, wakabaki wakiparua mbele ya sanaa yake.

Mtu mmoja tu alimwamini: baba yangu. Baba alikuwa kapita wa vibarua wa reli, yaani mtu anayesimama wengine wakiinama. Alikuwa na baiskeli, na aliipangusa kila Jumapili kwa vitambaa laini ambavyo mama alivitafuta kwa ajili ya mtoto aliyekuwa tumboni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa kuonekana, na ugonjwa huo hauna dawa. Unarithiwa, muulizeni Ilunga.

Bwana Makaratasi alipita mbele ya nyumba yetu siku moja, akaona mlango. Sasa nisikilizeni habari ya mlango huo.

Upande wa mama yangu, binti akiolewa, mume hujenga kuta na paa, lakini mlango huletwa na baba wa binti, kauchonga mwenyewe. Walisema: nyumba ni ya mume, mlango ni wa mke. Maana yake mume akilewa, akipandisha sauti, akisema toka kwangu, akumbuke kwamba kinachofunga na kufungua hapo si chake. Babu yangu aliangusha mninga, ule tuliouita mulombwa, unaotoa utomvu mwekundu kama damu, akaukata kwa shoka na tezo mpaka akapata ubao mmoja mzima, bila kiungo, bila msumari. Wajomba wakaubeba vichwani kutoka kijijini. Haukuwa na bawaba. Juu na chini ulikuwa na ncha za ubao wenyewe zilizoingia kwenye matundu, ukazunguka humo. Usawa wa mkono kulikuwa na tundu la mviringo la kupitishia kamba ya komeo. Ukifungwa, ulitoa sauti ya mzee anayekaa kitini: mmh. Mimi nilikuwa silali mpaka nisikie mmh ile.

Bwana Makaratasi alimwambia baba kwamba hajawahi kuona ubao kama huo. Akasema wiki moja. Akasema atamchora baba mbele kabisa ya mji, na baiskeli yake. Baba akangoja mama aende shamba, akauinua mlango ukatoka matunduni, akaubeba kwa vibarua wawili wa reli mpaka barazani kwa Mgiriki.

Mama alirudi jua likiwa limeegemea, kuni kichwani, tumbo mbele. Alisimama akatazama pale palipokuwa na mlango na sasa pana giza la mraba. Akatua kuni.

"Baba Ngoie, mlango wangu uko wapi?" Ngoie ni mimi.

"Utarudi," baba akasema, akishughulika na tairi la baiskeli ambalo halikuwa na tatizo lolote. "Wiki moja. Ni kazi ya maana, Mama Ngoie. Mji wetu utaonekana Ulaya."

"Na sisi tutaonekana na nani usiku?"

Baba akapiga kengele ya baiskeli, kring, kana kwamba hilo ndilo jibu.

Mama hakupiga kelele. Alitundika jamvi mlangoni, akapika, tukala. Kisha akachukua mkeka wake akautandika kwenye kizingiti, akalala hapo, mgongo nje, tumbo ndani. Baridi ya mwezi wa sita kwetu si mchezo. Asubuhi kitenge chake cha mgongoni kilikuwa na umande kama majani. Baba alimsihi aingie ndani, akakataa. Wiki ile ikapita, ikaja nyingine, naye analala pale pale. Mimi nilidhani amenuna. Nilidhani anamtia baba aibu mbele ya majirani, na kwa kweli majirani walikuwa wanaona, wakipita asubuhi wanakohoa kikohozi cha watu wasio na mafua.

Baba kila jioni alipitia kwa Mgiriki kuulizia. Alirudi na wino kwenye mikono ya shati na habari njema. Mlango bado, lakini stesheni imekwisha. Mlango bado, lakini treni inapendeza mno. "Na mimi nimekwisha chongwa, Mama Ngoie. Mbele kabisa!" Mama alikuwa akimpakulia ugali, akisema, "Basi huyo wa kwenye mlango aje alale kizingitini."

Kisha ikaja siku ya mshahara mgodini. Mbwa wa mgodi tuliwazoea, fisi tuliwasikia mbali, lakini walevi wa siku ya mshahara ni wabaya kuliko fisi, kwa sababu wanakujua jina. Mmoja wao alikuja akashika jamvi letu akalivuta. Sikuona kilichotokea, nilisikia tu kitu kama mchi unapopiga kinu mara moja, na mtu anaondoka akimwita mama yake. Asubuhi mchi ulikuwa kando ya mkeka wa mama. Naye mama alijifunga kitenge juu ya tumbo, akakaza, akaniambia, "Ngoie, twende tukauchukue mlango."

Barazani kwa Mgiriki harufu ilitupokea kabla hatujapanda ngazi, ile ile iliyoniingilia jikoni juzi. Mlango ulikuwa umelazwa juu ya mapipa mawili, mweusi kuanzia juu hadi chini, umechimbwachimbwa kwa patasi. Bwana Makaratasi alikuwa ameuinamia, miwani imeshuka puani. Alituona akainua kidole, tumngojee. Mama yangu, na mimba ya mwezi wa mwisho, alingojeshwa kwa kidole mbele ya mlango wake mwenyewe.

"Mlango," mama akasema.

"Mama, hii kazi. Kazi kubwa. Bado."

"Mlango."

Akatabasamu kama mtu anayemwelewesha mtoto, akatuonyesha pembeni. Alikuwa amewatengenezea watu wa nyumba yetu mlango mwingine, mpya, kwa mbao za masanduku ya duka. Bado ulikuwa na maandishi ya dagaa za kopo, na samaki mmoja aliyechorwa anacheka. "Hii zuri," akasema. "Ya kizungu."

Mama aliusogelea, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ukalia kama boksi. Akanitazama mimi, si yeye. "Umesikia? Huu hata dagaa walitoka."

Kisha akaanza kuondoa vitu juu ya mlango wake. Aliondoa chupa, akaondoa patasi, akaondoa makaratasi na kuyaweka chini vizuri, moja juu ya jingine, maana hakuwa mwanamke wa fujo. Bwana Makaratasi alikuwa akisema maneno ya kwao, haraka haraka, akishika huku mama akiondoa. Mgiriki alitoka dukani, akatazama tumbo la mama, akatazama mikono yake, akarudi ndani akapange sabuni. Mama akauinua upande mmoja, mimi upande wa pili, akajiinamisha chini yake, ukamkaa kichwani.

Wino ulikuwa mbichi. Ulimchirizikia mama shingoni, ukaingia kwenye nywele zangu, tukapita katikati ya mji mchana kweupe tumekuwa weusi wa aina nyingine. Wanawake wa kisimani walipiga vigelegele vya dhihaka.

"Mama Ngoie! Leo umebeba mji mzima!"

"Nimebeba mlango," mama akajibu bila kugeuka, kwani mwenye mlango kichwani hageuki. "Mji umejishikiza tu, kama kupe."

Tulipoupachika ndipo kichekesho kikaanza. Mlango umesimama wima, lakini yeye aliuchonga akiwa ameulaza, kwa hiyo mji wetu ulining'inia kiubavu. Nyumba zote zimelala ulalo kama walevi wale wale wa siku ya mshahara. Treni inapanda mbinguni. Mlima umeegemea komeo. Lakini mama alipousukuma ukajibu mmh, ingawa kwa sauti iliyokonda kidogo, maana Bwana Makaratasi alikuwa ameupunguza mwili. Usiku huo mama alilala kitandani. Na mimi nililala.

Mngedhani mtu angeona haya, akaacha. Hamwajui watu wa makaratasi. Haikupita siku, alikuja nyumbani kwetu na rola, kopo la wino, karatasi kubwa, na kijiko cha mbao. Alimkuta baba nje, peke yake, ana hofu, kwa kuwa ndani mama alikuwa ameshikwa na uchungu na Mama Feza mkunga alikuwa ameingia na kufunga mlango. Mtu mwingine angeuliza kuna nini. Yeye alimwambia baba kwamba atachapa hapo hapo, mlango ukiwa umesimama, dakika chache tu. Baba, na akili yake iko ndani kwa mama, akatikisa kichwa bila kujua anakubali au anakataa.

Mimi nilikuwa nimekaa na ndoo ya maji, naona. Aliupaka mlango wino. Ndani mama akagugumia kwa uchungu. Bwana Makaratasi aliisikia ile sauti. Masikio alikuwa nayo, makubwa tu. Akalaza karatasi juu ya mlango, akaanza kuisugua kwa mgongo wa kijiko, taratibu, kama mtu anayebembeleza. Mama akagugumia tena, zaidi. Naye, mdomo karibu na ule ubao, akasema kwa upole, "Tafadhali. Msifungue mlango."

Mama Feza, mwanamke mnene mwenye sauti ya stesheni, akapaza kutoka ndani: "Nani huyo?"

"Mimi. Picha. Msifungue mlango."

"Baba wewe! Humu ndani kuna mtu anataka kutoka, nawe unatuambia tusifungue?"

Akausukuma mlango kwa nguvu zote, anataka maji. Bwana Makaratasi aliupokea kwa uso. Alipoondoka pale, kwenye shavu lake kulikuwa na stesheni nzima na nusu ya treni, na karatasi yake imemganda kifuani. Hiyo ndiyo picha nzuri kuliko zote alizochapa, na hakuna aliyeitunza.

Mdogo wangu alizaliwa mchana ule, mzima, ana sauti. Mama Feza alikuwa ameushika mlango upande wa wino kabla ya kumshika mtoto, kwa hiyo mtoto alikuwa na alama ya vidole vinne vyeusi pajani. Majirani waliokuja kumtazama walidhani ni alama ya kuzaliwa, wakaanza kuipa maana. Mama aliisugua kwa mafuta ya mawese siku nyingi. "Mtu hajafikisha hata saa moja duniani," alisema, "ameshachapwa."

Bwana Makaratasi alipata karatasi zake chache nzuri baada ya hapo, mama akiwa bado ndani ya arobaini na hana nguvu za kugombana. Alikuja, akapaka, akasugua, akaondoka, na hata mara moja hakubisha hodi. Ungemwuliza kwa nini, nafikiri angekushangaa. Nani hubishia ubao hodi? Halafu alipanda treni akaenda kuchapa mji mwingine. Alimwachia baba picha moja.

Baba aliipeleka kwenye mwanga, nasi tukamzunguka. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa kimegeuka, cha kushoto kiko kulia, kama mtu anayejitazama kwenye maji. Stesheni ilikuwepo. Mlima ulikuwepo. Juu angani kulikuwa na mwezi mweupe wa mviringo, umeng'aa. Baadaye Mgiriki alisema wazungu walioiona waliusifu sana mwezi huo. Lilikuwa tundu la kamba ya komeo letu. Baba alianza kujitafuta kwa kidole. Alipita reli yote. Alipita nyumba zote. Mbele kabisa, kama alivyoahidiwa, ilikuwepo baiskeli, nzuri, kila kijiti cha gurudumu kimechongwa, imeegemea ukuta. Yenyewe peke yake. Kidole cha baba kilikaa juu ya baiskeli muda mrefu. "Labda nimeingia ndani kidogo," akasema. Hapo nilimwonea huruma, na ni hapo tu.

Mama alikuwa ananyonyesha. Aliomba aione, akaitazama upesi, akairudisha. "Angeingilia wapi?" akauliza. "Nyumba hazina milango."

Ilikuwa kweli. Mji mzima, na hakuna nyumba yenye mlango hata mmoja, kwa kuwa aliuchora kwa nyuma na hakuwahi kuzunguka auchore kwa mbele. Wakati ule nilidhani mama anachekesha. Nilicheka kuliko wote.

Niliyajua mengine nikiwa mtu mzima, na sikuyajua kwa kufundishwa. Niliyajua mwaka 2015, hapa hapa Jeppestown, siku ambazo watu walipita barabarani na marungu wakiimba kwamba wageni watoke. Ilunga alikuwa amekwama Randburg alikokwenda kupeleka nguo za mteja. Ndani tulikuwa mimi, mkwe wangu na watoto. Niliutia mlango huu komeo, nikasogeza mkeka, nikalala chini yake kwenye kizingiti, mgongo nje, watoto ndani. Naomi, alikuwa mdogo bado, akaniuliza kwa Kizulu chake kama nimekasirika. Nilikuwa nanusa umande kwenye kitenge cha mama. Mwanamke yule hakuwa amenuna. Mlango ulipoondoka, yeye akawa mlango, na mimi mtoto wake nilikuwa nimelala upande wa ndani nikidhani ni hasira.

Mama alipofariki, mimi nikiwa nimekwisha olewa, wajomba waliung'oa mlango wakamlaza juu yake, wakambeba hivyo mpaka kaburini, kama ilivyo kwao. Mji wa Bwana Makaratasi ulikuwa chini, mama juu. Kisha wakaurudisha mlango mahali pake kwa ajili ya walio hai. Picha ya baba iliisha siku nyingi. Panya waliila kuanzia kwenye mwezi. Huko Ulaya huenda nyingine zipo, zina vioo, watu wanasimama mbele yake wameinamisha shingo. Waache wainamishe. Wanatazama mlango wa mtu na hawajui kubisha.

Nilipofika hapo siku ile ya Jumapili, Ilunga alitazama viatu vyake. Akajaribu, maana ni mtoto wa ukoo huo: "Lakini Mama, huyu ni tofauti. Yeye amesema wataniona..."

"Wataiona cherehani," Naomi akasema. Kwa Kiswahili. Eish, nilitaka kumkumbatia, lakini siyo kawaida yangu.

Basi nikatoa amri, na amri hiyo inaendelea hata leo, nanyi mtakaorithi nyumba ya mtu popote mlipo mnaweza kuichukua amri hiyo bila kuniomba. Nilisema: mlango huu hautoki. Si wiki moja, si saa moja. Yule kijana akija, Ilunga asiende kumpokea barabarani, na asiwepo mtu wa kumfungulia kwa kuwa tu amesikia nyayo zake au harufu yake. Akitaka kutuchora, azunguke aje mbele, jua limpige usoni kama linavyotupiga sisi. Asimame nje ya mlango, mikono chini. Na abishe hodi.